Moyo na Magofu ya Pate

Mji uangukapo huacha maswali matatu. La kwanza ni la historia: uliangukaje? La pili ni la sanaa: maanguko yake yalikuwa na sura gani machoni pa aliyeyaona? La tatu ni la falsafa: mwanadamu apate funzo gani kwayo? Aghalabu maswali haya hugawanywa kwa wataalamu mbalimbali. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir yapata mwanzo wa karne ya 19, yamekutana mahali pamoja.

Historia yasema kwamba Pate, katika visiwa vya Lamu, ulikuwa mji wa biashara ulioneemeka sana katika karne ya 18. Ugomvi wa kugombea utawala uliudhoofisha, na yapata mwaka 1812 majeshi ya Pate na Mombasa yalishindwa na watu wa Lamu huko Shela. Habari hii ni ya kweli, lakini haimlizi mtu.

Mshairi alifanya jambo jingine. Aliuita moyo wake kama mzazi amwitavyo mtoto mkaidi, akauonyesha nyumba za mabwana: palipopangwa vyombo vya thamani sasa pana ndege, na kumbi zilizojaa mazungumzo zimeachiwa nyenje. Kisha akauliza, kwa nini moyo ungali ukiipenda dunia?

Hapo ndipo ilipo siri ya utenzi. Ulimi uliokataza kupenda anasa ndio uliozisifu taa na malazi kwa maneno matamu kabisa. Falsafa peke yake ingedai kuwa kuiacha dunia ni jambo jepesi. Sanaa ilishuhudia kwamba mshairi aliipenda.

Historia nayo ina neno la mwisho. Utenzi wawataja wakandaji na wapepeaji waliowahudumia mabwana hao, wala hauwapi majina. Maombolezo ya mji yakawa maombolezo ya wenye majumba. Msomaji anayewalilia mabwana wa Pate ana wajibu wa kuuliza pia habari za walioshika vipepeo.

Utenzi ulichapishwa London mwaka 1939, nao wasomwa hata leo, hali majumba yenyewe ni magofu. Kilichodumu si mali wala enzi, bali swali ambalo mtu mmoja aliuuliza moyo wake, na ambalo kila asomaye hulazimika kuuuliza wake.