Kompyuta ya 1982 Bado Inawaka, Simu Yako Je?

Wasee, kuna watu Marekani humaliza wikendi nzima na kompyuta zilizotoka kabla sisi tuzaliwe. Si utani. Tamasha linaitwa Vintage Computer Festival, lilianza California mwaka 1997, na lile la New Jersey hufanyika kwenye makumbusho ya InfoAge. Unakuta Commodore 64 ya mwaka 1982 iko mezani, inawaka. Memori yake ni kilobaiti 64. Selfi yako moja haitoshei humo!

Mimi hutazama video zao mpaka usiku wa manane. Kinachonishika si gemu. Ni wazee na vijana wameinamia mashine moja, wanang'oa kapasita mbovu na kuchomelea mpya. Mashine ilifungwa kwa skrubu, kwa hivyo inafunguka.

Sasa cheki sisi. Simu ya marehemu shosho yangu iko kwa droo, imezima. Haijamaliza hata miaka mitano. Ndani mna sauti yake akiniombea kabla ya mtihani. Mafundi wawili wameogopa kuigusa: betri imegandishwa kwa gundi, na spea hakuna.

So mtu asikuambie hao jamaa wanacheza na takataka. Wanalinda kitu sisi tunanyang'anywa polepole, uwezo wa kufungua na kutengeneza kitu ulichonunua kwa pesa yako. Ukienda kununua simu, usiulize kamera pekee. Uliza fundi wako kwanza: hii ikikufa, inafufuka?