"Mama, unamuuza bibi?"

Kwa miaka 9 nilichora tembo. Tembo, twiga, pundamilia na jua la machungwa nyuma yao, kwa mtindo alioanzisha marehemu Edward Saidi Tingatinga hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Picha hizo zimelisha wanangu na sizidharau hata kidogo. Ila ilifika mahali mkono ukawa unachora wenyewe, mimi nikiwaza bei ya unga.

Siku moja kopo la gundi nyeupe lilimwagika kwenye maranda ya fundi seremala, jirani yetu. Kesho yake yalikuwa yamekauka magumu kama ukoko, yenye vilima na mabonde. Nikayapaka rangi ya bluu iliyozimuliwa, nikafuta kwa kitambaa. Bluu ikabaki mabondeni tu. Niliyatazama mpaka wali ukaungua.

Basi nikaanza: mchanga wa pwani niliousuuza chumvi, makapi ya kahawa, magunia, magazeti. Picha hazikuwa za kitu chochote unachoweza kukitaja. Mume wangu akauliza, "Hii nani atanunua?" Alikuwa na haki ya kuuliza, kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa. Na niliharibu nyingi. Mchanga ukizidi gundi, picha ikikauka inapukutika sakafuni. Rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta haishiki; kazi ya wiki 3 ilibanduka kama ganda la kitunguu, kwa sababu ya haraka zangu.

Kisha mama akafariki. Baada ya arobaini tuligawana nguo zake, nami nikapata doti moja ya khanga, nyekundu iliyopauka. Dada yangu alizivaa zake. Mimi nilikata moja. Nikaloweka mji wake kwenye gundi, nikauacha uangukie ubaoni kwa mikunjo, kama mama alivyokuwa akiitupia khanga kwenye kiti akirudi sokoni. Ulipokauka nikapaka tabaka kwa tabaka: nyekundu, rangi ya udongo, na nyeusi kidogo ndani ya mikunjo. Mapindo nikayaweka kando. Dada alipoiona alilia, akasema nguo ya marehemu haikatwi. Mwezi mzima hatukupigiana simu.

Januari akaja mteja. Akawapita tembo wote, akasimama mbele ya ile khanga. Bei aliyotaja ilitosha ada ya bweni ya binti yangu wa miaka 13, pamoja na sare. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, unamuuza bibi?"

Sikumjibu. Nikaifunga picha kwa magazeti na kamba, nikahesabu hela mara mbili.

Mzazi mwenzangu, ningekuwa nimejiandaa ningemwambia kwamba bibi yake aliwahi kuuza cherehani yake, ya pekee aliyokuwa nayo, ili mimi nisome. Hakuomba ushauri wa mtu. Lakini habari hiyo sikuwahi kumsimulia mwanangu, kwa hiyo alichoona yeye ni bibi anafungwa kamba na kutolewa nje. Siku 4 alinipa shikamoo ya mdomoni tu. Siku ya 5 nilimwita akae karibu na ndoo ya gundi, nikamsimulia ya cherehani. Alisikiliza akiwa anakwangua gundi kavu kwenye kucha zangu. Hakusema kitu.

Alipokwenda bweni, mapindo niliyoyaweka kando hayakuwepo. Sikuuliza. Likizo aliporudi nikayakuta kwenye begi lake. Amejalidia daftari la Kiswahili. Gundi aliiweka nyingi mno, ukurasa wa kwanza haufunguki.