Ustadhi wa Siyu

Alikuja kwetu Siyu, kijiji cha kisiwani pwani ya Kenya, mwaka 2002, akijiita Abdul Karim. Nilikuwa kijana, najifunza kushona makubadhi barazani kwa mjomba. Alisomesha watoto madrasa, akaanzisha timu ya mpira. Kwamba ni mtu wa Ngazija, kule Komoro, halikumshangaza yeyote, maana visiwa hivi na vile tumeoana tangu kale.

Mgeni Siyu hahojiwi. Boti huingia maji yakijaa, kwa mkondo mwembamba katikati ya mikoko, na anayeshuka hupewa maji ya kunywa kabla ya kuulizwa jina. Akiwa na elimu ya dini, huongezewa heshima. Yule bwana aliyajua hayo yote, akayafanya maficho. Hilo linaniuma kuliko jina la uongo.

Novemba 28 mwaka ule ule, hoteli ya Paradise kule Kikambala ikalipuliwa, na ndege ya Waisraeli iliyokuwa ikipaa Mombasa ikarushiwa makombora yakaikosa. Waliuawa watu 13, Wakenya 10 na Waisraeli 3. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwemo wachezaji ngoma. Nao walikuwa wakipokea wageni.

Baadaye askari waliomsaka mpangaji wa mashambulizi hayo wakaja na picha. Ustadhi wetu alikuwa Fazul Abdullah Mohammed wa Moroni, mkubwa wa Al-Qaeda huku kwetu, aliyesakwa tangu mabomu ya balozi za Marekani ya Agosti 7, 1998 yaliyoua zaidi ya watu 220 Nairobi na Dar es Salaam. Marekani ilitangaza zawadi ya dola milioni 5. Yeye hakupatikana, tuliopatikana ni sisi. Mjomba alichukuliwa akahojiwe. Aliporudi, ngozi alizoziacha zimeloa chumvi zilikuwa zimeoza, na wateja wa mjini hawakutuma oda tena. Nilipokwenda kuomba kitambulisho, karani aliposoma neno Siyu aliiweka fomu yangu kando, akaita aliyefuata.

Juni 2011 Fazul aliuawa kwenye kizuizi cha barabarani Mogadishu, akiwa na pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina jingine. Wenzangu walishukuru. Mimi nilitaka akamatwe hai, asimamishwe mahakamani Mombasa mbele ya wazazi wa wale wachezaji ngoma, na aulizwe kwa Kiswahili kile kile alichowasomeshea watoto wetu.