Mawingu Yanayotoka Bondeni



Wapendwa waamini, wiki hii naomba niwasimulieni habari za anga letu la Lushoto, na pamoja nazo kosa langu mwenyewe, kwa maana baadhi yenu mmekwisha kulisikia sokoni, na ni afadhali mlisikie pia kutoka kwangu.

Jumatatu tuliamka ndani ya ukungu mzito, hata kutoka barazani kwangu sikuweza kuuona msalaba ulio juu ya paa la kanisa. Ilipofika saa nne jua likatoka kana kwamba hapakuwa na jambo. Jumanne ilikuwa siku ya mavunde tangu alfajiri hadi machweo, bila kudondoka tone hata moja. Jumatano ikapambazuka safi. Ndivyo tulivyo hapa, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari: mwezi Julai mtu hutoka nyumbani na sweta, kofia ya jua na mwavuli kwa safari moja, na huenda akavihitaji vyote kabla ya saa saba mchana.

Seminarini tulifundishwa Kilatini, nami kwa muda mrefu nimejivunia kuyajua mawingu kwa majina yake. Mfamasia mmoja wa London, Luke Howard, ndiye aliyeyapa majina hayo mwaka 1802, na wataalamu wa hali ya hewa wanayatumia hadi leo. Sirusi ni shungi la nywele: zile nyuzi nyeupe za juu kabisa. Kumulusi ni lundo, kama pamba iliyomwagwa. Stratusi ni kitu kilichotandazwa. Nimbusi ni wingu la mvua. Kwa kuyaunganisha na kuyaongezea majina hayo wataalamu wamepata aina kuu kumi, na ukungu wetu wa asubuhi si kitu kingine ila stratusi iliyoshuka hadi kwenye migomba.

Basi, Jumatano hiyo mama mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo alikuja na maharage yake, yapata magunia mawili, akaomba kuyaanika uani pa kanisa. Maharage hayo yalikuwa ada ya mwanawe katika chuo cha ufundi. Akaniuliza kama anaweza kuyaacha pale hadi Ijumaa, maana kuyabeba kila jioni kupanda kilima ni kazi kubwa kwa mtu wa umri wake. Nikatazama juu. Palikuwa na sirusi tu, nyembamba na za kupendeza, na sirusi ni chembe za barafu zilizo zaidi ya kilomita 6 juu yetu, hazimlowanishi mtu. Nikamwambia, “Mama, anika bila hofu. Hakuna mvua hadi Ijumaa.” Yeye akageuka kidogo kutazama bondeni, kisha akasema, “Haya, Baba,” akatandaza turubai lake. Mimi nikaondoka kwenda kigangoni.

Ndugu zangu, nilisahau mahali ninapoishi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, nami nadhani aliyesema hivyo alikuwa mtu wa pwani, anayeliona wingu likija kwa mbali. Hapa upepo wa kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, ukakutana na ukuta wa milima yetu, na hewa hiyo haina pa kwenda ila juu. Kila ipandapo mita 100 hupoteza takriban nyuzi 1 ya joto, hata inafika mahali isipoweza tena kuuficha mvuke wake, ndipo wingu linazaliwa mbele ya macho yetu. Kwa hiyo Mombo kule chini wanaweza kuwa wanaungua na jua katikati ya mkonge, nasi tukawa tunatetemeka. Bwana wetu aliwaambia makutano kwamba wakiona wingu upande wa magharibi hujua mvua inakuja. Kwao bahari iko magharibi. Kila nchi ina upande wake wa kutazama. Wetu ni chini.

Jioni ile ukungu ukapanda kutoka upande wa Soni. Rasharasha ilinyesha usiku kucha na Alhamisi kutwa. Maharage yalifunikwa, lakini maji yalipita chini ya turubai. Niliporudi Ijumaa yale ya pembeni yalikuwa yamevimba na kupasuka maganda, na harufu imeanza. Kama theluthi moja hivi haitauzika.

Nilimwendea nyumbani kwake. Hakuwa na hasira, jambo lililonifadhaisha zaidi. Akasema, “Baba, ule ukungu niliuona tangu saa sita mchana, umekaa Soni. Lakini wewe ulikuwa umekwisha kusema.” Tangu hapo sijaacha kuyafikiri maneno hayo. Alijua kuliko mimi, akanyamaza kwa heshima ya kanzu yangu, na mimi sikumwuliza. Nilimtolea fidia ya hasara yote. Akapokea nusu, akasema nusu ya pili ni yake mwenyewe, kwa kunyamaza. Nilijaribu kubishana naye, sikufaulu.

Maharage yaliyosalia yako darini juu ya meko, mengine kwa jirani yake Mwislamu aliyempisha nafasi bila kuombwa. Leo Jumamosi asubuhi kulikuwa na vikumulusi vidogo na jua zuri, naye akapita uani. Safari hii nilimwuliza mimi. Akatazama bondeni kwa muda mrefu, akasema tusubiri kwanza hadi saa tano.

Kesho Misa ya kwanza ni saa moja asubuhi kama kawaida. Kuhusu miavuli, mimi sisemi neno.