Mezani kwa Afande

Arua, Jumatano 12 Juni 2024
Sura ya tatu ya kitabu changu inagoma. Hawa watu wangu, familia ya wauaji, hawali. Baba, mama, watoto, wote macho mekundu tangu ukurasa wa kwanza. Nani atawaogopa? Nyumba gani haina mtoto anayekohoa, ada ya shule, ugomvi wa nani kamaliza sukari?

Nawaza ile filamu ya msumeno, ya Texas, 1974. Wale ni watu wa machinjioni waliokosa kazi. Ujuzi umebaki mikononi, ng'ombe hawapo. Wanazozana mezani, wana babu wanayemtukuza. Hapo ndipo ninapowaamini.

Basi wangu nao wawe na kazi. Ipi?

Ijumaa 14 Juni, usiku
Nimeipata. Mshahara! Baba ni mtu wa State Research, majasusi wa Idi Amin. Nakasero, Kampala, 1975. Asubuhi anatoka na miwani myeusi, gari lenye namba za UVS. Jioni anarudi na mkate. Kazini Kiswahili chake ni cha amri: toka, lala chini, panda gari. Nyumbani anambembeleza mtoto kwa sauti ileile.

Halafu vitu vinaanza kuingia ndani. Redio. Saa ya mkononi. Viatu vizuri vya mwanamume mwenye mguu mdogo kuliko wake. Mama anavipangusa, anaviweka chini ya kitanda. Hakuna anayeuliza.

Damu hamna hata tone, na nimeogopa kwenda kuzima taa ya sebuleni. Furaha tele!

Koboko, Jumanne 18 Juni
Nyama ya Idd bado ipo, shangazi kanijazia sahani. Kauliza naandika nini siku hizi. Hadithi ya kutisha, shangazi. Familia ya wauaji.
"Ya kabila gani?"
Kijiko kikasimama. Maana nilishaanza kufikiria kumchora baba chale tatu za Kikakwa, msomaji amtambue haraka.
"Mwanangu, sisi tulikimbilia Zaire kwa ajili ya kabila. Nilikuwa na mimba. Nilikuwa nimemuua nani?"
Kisha akaniongezea mchuzi.

Jumatano 19 Juni
Sijalala. Koboko hii ni kwa ukoo wa baba yake Amin, na alipoanguka, Aprili 1979, hasira za nchi nzima zikatushukia tuliobaki. Kana kwamba West Nile yote ni familia moja ya wauaji.

Na Ondoga je? Mlugbara, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, maiti yake ikatolewa mto Nile mwaka 1974. Na Kay Adroa, binti wa mchungaji, Mlugbara naye, aliyekuwa mke wa Amin kabisa? Mwaka huohuo, mwili umekatwakatwa. Asili haikumkinga yeyote. Basi asili haielezi kitu. Chale nimezifuta kichwani kabla hazijafika kwenye karatasi.

Na tena kuna enyanya, ile sumu. Nyumba ikishasemwa ina sumu, imesemwa: bibi alikuwa nayo, binti anayo, mjukuu asiolewe. Kuna wazee waliopigwa mpaka kufa kwa neno hilo. Vijiji vyetu vinatunga hadithi za familia za wauaji kila siku, na wanaozikwa ni watu kweli. Kitabu changu kikisema uuaji unarithiwa, kitakuwa kimebeba jiwe kwenye lile kundi. Sitaki. Sitaki kabisa.

Lakini sitaki pia kumsamehe afande wangu. Alichagua. Kila asubuhi alichagua.

Arua, Jumatatu 24 Juni
Nimepita Ombaci, tarehe yenyewe ya mauaji ya 1981. Watu walikimbilia misheni wakidhani askari hawatapiga risasi pale. Wakapiga. Jeshi la UNLA, waliokuja baada ya Amin, waliokuja kama wakombozi.

Nimesimama, nimesoma majina, nimeshindwa kuomba. Nikawaza: hawa askari nao walirudi makwao. Na mizigo. Redio, baiskeli, magodoro. Mama fulani alipokea, akapangusa.

Saa!

Saa ileile. Iliyoingia nyumbani kwa afande 1975 inaporwa Arua na askari wa upande wa pili, inakwenda kukaa mkononi mwa mtoto wake, mbali huko. Nyumba mbili, makabila sitayataja, meza ileile, ukimya uleule. Nimeiandika nyuma ya risiti ya boda, nimesimama barabarani, machozi yananitoka.

Jumanne 25 Juni
Sura ya tatu imetembea! Sasa hofu yangu ni mama. Amenyamaza mno, akiendelea hivi atageuka samani. Anajua. Analala juu ya vile viatu. Lazima aulize vilikuwa vya nani, na aulize mapema, watoto wakiwepo. Na mume amjibu kwa upole, ukweli wote, jina la marehemu na mtaa wake, kisha aombe chakula.

Je, atampakulia? Ninayemwamini atampakulia. Ninayempenda atakataa. Kesho naandika zote mbili, nione ipi inayosimama.