Salamu Zilipokutana na Vocha

Nilikulia Muheza, mkoani Tanga, katika nyumba ambayo mgeni hakuulizwa kilichomleta mpaka akae, apewe maji ya kunywa na salamu ziishe. Nazo hazikuisha upesi. Akija shangazi kutoka Pangani, alipokea shikamoo ya kila mtoto, mmoja baada ya mwingine, kisha wakubwa wakaanza: wazima huko? Watoto? Mvua imenyesha? Na yule mgonjwa, amepata nafuu? Watoto tulikaa mkekani tukingoja ruhusa ya kwenda kucheza. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba habari za ukoo zilipita katika salamu hizo. Mtu akijibu "hatujambo" kwa sauti iliyoshuka, muulizaji alijua kuna jambo, na alijua pia kwamba halifai kusemwa mbele ya wote. Aliyetaka kukopa alipata nafasi ya kupima kama mwenyeji anacho au naye amebanwa, asije akamwaibisha kwa kumlazimisha aseme hana.

Barua zilifuata njia hiyohiyo. Ulijijulisha kuwa mzima wa afya, ukaeleza wasiwasi wako juu ya uliye mbali naye, ukawasalimia waliopo kwa majina, ndipo ukafika kwenye dhumuni. Marehemu baba aliyasoma majina yale kwa sauti ili kila aliyetajwa asikie lake. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa akisimama kabisa jina lake linapotajwa.

Simu ilikuwa kitu cha posta na maofisini. Kampuni ya simu ya Mobitel ilipoanza huduma nchini mwaka 1994, simu ya mkononi ilikuwa ya wenye fedha zao. Vodacom walianza mwaka 2000, ushindani ukakua, na baada ya miaka michache vocha za kukwangua ziliuzwa hata kwenye vibanda vya mtaani kwetu. Aliyepiga ndiye aliyelipa, na dakika ilikuwa ghali. Hapo salamu zilikatwa. Nimemwona shangazi akipigiwa na mpwa wake aliyeko Dar es Salaam: "Shikamoo shangazi, salio linakwisha, nimeshafika, mwambie mama." Shangazi alikuwa ndiyo kwanza anasema "marahaba mwanangu, na wenzio hawajambo?" simu ikawa imekatika. Hakukasirika. Alisikitika kwamba hakupata kumuuliza kifua chake kinaendeleaje, maana kijana aliondoka akikohoa.

Wazee wengi walianza kusema vijana wamepoteza adabu. Sikukubaliana nao wakati ule, na mpaka leo sikubali. Kilichofupisha salamu ni bei ya dakika. Na katika uhaba huohuo watu walitunga adabu nyingine kabisa, ya kubipu, yaani kupiga na kukata kabla simu haijapokewa ili mwenzio akupigie, ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtu aliijua. Mwanafunzi alimbipu mjomba mwenye mshahara, na mjomba alipiga bila kinyongo. Mjomba hakumbipu mwanafunzi. Kumbipu mkwe ilikuwa aibu. Bora ukope vocha dukani. Anayetaka kuomba msaada alijitahidi apige mwenyewe, hata kwa dakika moja, kwa sababu kumgharimu mtu simu na kisha kumwomba fedha ni kumtwisha mzigo mara mbili. Bipu moja ya usiku, kwa waliokubaliana hivyo, ilikuwa na maana kwamba basi limefika salama. Watu wasiojali wenzao wasingekuwa na masharti kama haya.

Kisha makampuni yakaanza kutoza kwa sekunde, vifurushi vikaja, na dakika zikawa nafuu. Nilitegemea salamu ndefu zirudi. Hazikurudi, na nadhani sababu yake ni kwamba simu humkuta mtu popote: ndani ya daladala, sokoni akihesabu chenji, kwenye foleni ya hospitali. Salamu ya Muheza ilihitaji mtu aliyekaa. Badala yake limezaliwa swali ambalo kwetu lisingekuwa na maana: "Unaweza kuongea?" Kwangu mimi hilo ni kama hodi. Kijana anayeliuliza kabla ya kueleza shida yake amelelewa vizuri, hata kama shikamoo yake ni ya haraka.

WhatsApp ilipoongeza ujumbe wa sauti mwaka 2013, sikudhani utamfaa shangazi. Umemfaa kuliko sisi wote. Herufi ndogo zinamsumbua macho, lakini sauti anairekodi: anauliza hali, ananyamaza kidogo kama anayesikiliza jibu, anauliza watoto, ananyamaza tena, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Wapo wanaomjibu kwa alama ya dole gumba. Hilo linaniuma, na huwa nawaambia wazi wapige.

Jambo moja simu haijalibadilisha katika ukoo wetu. Msiba hautangazwi kwenye kundi letu la WhatsApp kabla wakubwa hawajapigiwa. Anayepiga hatamki habari papo hapo. Husalimia taratibu, akauliza uko wapi, umekaa na nani, na kama uko peke yako atakuomba umwite mtu. Kijana mmoja aliwahi kuandika kundini kwamba babu amefariki, na binti wa marehemu akausoma ujumbe ule akiwa kwenye bodaboda. Tangu hapo tumekubaliana: shangazi ndiye wa kwanza kupigiwa, naye ndiye anayesema lini wengine waandikiwe.