Saa Nne Asubuhi

Watu wakisikia nimeajiriwa kama mbunifu wa grafiksi na jioni nafanya kazi za wateja wangu mwenyewe, swali lao huwa moja: unalala saa ngapi? Nalala vizuri tu. Usiku haujawahi kunishinda. Kuanzia saa tatu mpaka saa sita, watoto wamelala, simu imetulia, nembo ambayo ofisini ingekatishwa na vikao vinne naimaliza kwa mkao mmoja. Kinachomtoa jasho mwajiriwa mwenye kazi za pembeni ni saa nne asubuhi.

Saa hiyo mteja ameshakunywa chai, amefungua WhatsApp na kuliona bango ulilomtumia usiku. Mchapaji wa Kariakoo amewasha mashine na anauliza: tuchape au tusubiri? Na wewe umeketi mbele ya meneja masoko wa kampuni inayokulipa mshahara, simu inatetemeka mfukoni. Kuchora unaweza kuchora usiku. Kuidhinisha, kusahihisha, kupapasa karatasi na kupokea mzigo ni mambo ya mchana, na mchana wako umeshauuza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki. Ongeza foleni za Dar es Salaam, utajua mwenyewe kinachobaki.

Kwa hiyo sichagui kazi kwa ukubwa wa malipo. Nauliza: nani atakayesema "sawa, chapa", na atasema saa ngapi? Mama mwenye duka la vipodozi anayetaka lebo za mafuta yake ana neno la mwisho peke yake, naye hashiki simu kwa utulivu mpaka afunge duka saa mbili usiku. Huyo ni mteja wangu wa kufa na kuzikana. Ripoti ya mwaka ya shirika dogo nayo ni kazi njema: kurasa ni nyingi, lakini mhariri ni mmoja na tarehe inajulikana mapema.

Harusi ni habari nyingine. Kadi ya harusi hapa mjini haina mwenye neno mmoja, ina kamati: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na wajumbe wanaokutana Jumapili jioni. Zinaanza kadi za mchango, miezi kadhaa kabla. Zinafuata za sendofu, halafu za mwaliko, nyingine za mtu mmoja, nyingine za wawili. Jina la baba wa bwana harusi lianze na Mhandisi. Kumbe mjomba wa bibi harusi ni Kanali mstaafu, naye asipotajwa kwa cheo chake watu watanuniana ukumbini. Kila badiliko lina mtu wake, na kila mtu ana namba yako.

Halafu ije rangi ya dhahabu. Kwenye simu, dhahabu ni njano na kahawia zilizopangwa kwa ujanja, nazo zinang'aa kwa sababu kioo chenyewe kinatoa mwanga. Karatasi haitoi mwanga. Mashine ya kawaida ina wino wa rangi nne, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi, na uzichanganye utakavyo hazitameta. Utapata rangi ya haradali. Dhahabu ya kweli ni foili inayobanwa kwa joto, au wino maalumu wenye chembe za metali, na hapo bei inapanda. Haya yote unamweleza shangazi wa bwana harusi ukiwa umejibanza kwenye ngazi za ofisi. "Mwanangu, mbona kwenye simu inang'aa?" Shangazi hana kosa lolote. Ana haki ya kuuliza, tena mchana kweupe. Mimi ndiye nisiye na mchana wa kumjibu.

Siku hizi harusi nachukua kwa masharti: msemaji mmoja, masahihisho mawili, majina yote yawe yamehakikiwa na familia zote mbili kabla sijafungua kompyuta, na nusu ya fedha iingie kama kianzio. Kamati nyingi hukataa. Nawaelekeza kwa kijana mwenye meza yake Kariakoo, anayeshinda hapo kutwa na atakayewachorea huku wamesimama nyuma ya kiti chake. Kwa kazi hiyo ananizidi, wala sisemi hivyo kwa adabu.

Upande wa mchapaji, dawa ni faili lisiloacha swali. Natuma PDF, rangi zimeshageuzwa kuwa za wino, picha zina nukta 300 kwa inchi, na kila upande una milimita 3 za ziada ili kisu kisiache mstari mweupe. Herufi nimezigeuza kuwa michoro, maana kompyuta ya mchapaji ikikosa fonti yako inaweka yake, na simu italia saa nne ile ile. Mzigo ukiwa tayari unaletwa na bodaboda.

Kwa mwajiri, soma mkataba kabla ya chochote. Mikataba mingi inakataza kazi nyingine bila ruhusa ya maandishi. Mimi niliiomba, nikapewa, na washindani wa kampuni siwagusi hata waje na kianzio mkononi. Kompyuta ya ofisi inabaki ofisini. Programu nazo ni za mwajiri: tangu 2013 Adobe imekuwa ikikodisha matoleo mapya ya programu zake kuu za ubunifu badala ya kuyauza moja kwa moja, na kodi hiyo analipa yeye kwa ajili ya kazi zake. Yangu nalipa mwenyewe, na gharama hiyo imo ndani ya bei ninayomtajia mteja. Uwe na TIN pia. Kampuni ikikulipa huduma itakata kodi ya zuio ya asilimia 5, nawe dai cheti cha makato hayo.

Marafiki wananiuliza nitaacha ajira lini. Siku ambayo wateja wanaonitaka mchana wataweza kulipa kodi ya nyumba na ada za shule, nitaandika barua. Kwa sasa hawajafika huko.